Kilwa watu ‘wachache’, Visiwani wanajazana: Namba hizi zinasema nini juu ya afya yako?

Ukisafiri kwa barabara kuu ya kusini kutoka Dar es Salaam, baada ya kuvuka Mto Rufiji na kabla ya kufika Nangurukuru, utapita mahali panapoitwa Njia Nne. Ukikata kona hapo na kupanda vilima vya Matumbi kwa kiasi cha kilomita 50, unafika Kipatimu, wilayani Kilwa, nchi ya machungwa. Msimu ukifika, malori yanashuka na machungwa kwenda mjini. Vijana wanaoyapakia, wengine hupanda lori hilo hilo, na nyumbani hawaonekani tena mpaka Idi au Krismasi.

Wazee wa huko wana kauli moja utakayoisikia mara nyingi: “Sisi huku watu wachache.” Ukivuka bahari ukaenda Unguja, utasikia kauli ya pili iliyo kinyume chake: “Watu wamekuwa wengi, ardhi ndiyo ile ile.”

Leo naomba tuzitazame kauli hizi mbili kwa jicho la afya. Wengi wetu tukisikia habari za idadi ya watu tunafikiri ni mambo ya wachumi na wanasiasa, jambo la karani wa sensa anayepita mara moja kila miaka 10 na kuchora namba mlangoni. Sivyo. Idadi ya watu ndiyo inayoamua zahanati yako ipate dozi ngapi za chanjo, wauguzi wangapi, na kama gari la wagonjwa litakuwapo siku mkeo, dada yako au binti yako atakaposhikwa na uchungu usiku wa manane mvua inanyesha.

Bahari moja, hesabu mbili

Tuanze na hesabu yenyewe. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta Tanzania ina watu 61,741,120. Kati yao, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773. Mkoa mzima wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028, na wilaya ya Kilwa ilikuwa inakaribia laki tatu.

Sasa weka ardhi kwenye mizani. Lindi ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 66,000. Zanzibar haifiki hata kilomita za mraba 2,700, Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo. Ndiyo maana ukigawanya, kila kilomita moja ya mraba Lindi ina watu 18, na Visiwani ina watu 768. Kwa lugha nyepesi, eneo ambalo Lindi wanaishi watu wa nyumba nne tano, Visiwani wanaishi watu wa mtaa mzima.

Haikuwa hivyo siku zote. Sensa ya 1958 ilihesabu Zanzibar watu 299,111 tu. Yaani katika muda wa miaka 64, umri wa bibi mmoja aliye hai leo, watu wa Visiwani wameongezeka zaidi ya mara sita. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Kwa kasi ya asilimia 3.7 kwa mwaka iliyoonekana kati ya 2012 na 2022, idadi ya watu huongezeka maradufu kila baada ya miaka 19 hivi. Mtoto anayezaliwa leo akimaliza sekondari na kuanza kazi, nchi yake ya visiwa itakuwa na watu mara mbili ya aliowakuta, kama kasi hiyo haitapungua.

Lindi ilikwenda mwendo mwingine. Kati ya 2002 na 2012 iliongezeka kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya chini kabisa nchini. Halafu ghafla, kati ya 2012 na 2022, kasi ikapanda hadi asilimia 3.2. Je, wanawake wa Lindi walianza kuzaa mara tatu zaidi? Hapana. Hapo ndipo somo letu la leo lilipo.

Idadi ya watu ina milango mitatu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Ukiona namba imepanda au imeshuka, usiseme neno kabla hujajua ni mlango upi uliofunguka. Kila mlango una tiba yake, na ukikosea mlango, dawa unaipeleka kwa asiyeumwa.

Mlango wa kifo

Kauli ya wazee kwamba Kilwa watu wachache ina historia nzito nyuma yake. Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa katika pwani hii. Katika miaka ya 1860 walikuwa wakipitishwa hapo watu wapatao 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakipelekwa Zanzibar. Walikuwa vijana wenye nguvu na wasichana waliofikia umri wa kuzaa. Bara lilipungukiwa na wazazi wa kesho, na Visiwani wakaongezeka watu ambao jasho lao ndilo lililokuza mikarafuu. Kwa hiyo mtu wa Kilwa na mtu wa Unguja wanaposhangaana kwa idadi zao, wakumbuke kwamba baadhi yao ni ndugu waliotenganishwa na jahazi.

Kisha kikaja kipindupindu. Mlipuko wa 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu Zanzibar na ukafika Kilwa kwa njia ile ile ya vyombo vya baharini. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa hayo ya mlipuko, kikachapishwa 1876. Alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara na majahazi, kutoka mji hadi mji.

Halafu Vita vya Majimaji. Vilianza Julai 1905 huko huko Umatumbi, Nandete, jirani na Kipatimu, watu walipokataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa watu 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Lakini jambo ambalo mimi na wewe tunapaswa kuliangalia kwa jicho la afya ni hili: sehemu kubwa ya watu hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Njaa haiui waliopo tu. Mwanamke aliyedhoofika kwa njaa huweza kukosa hedhi, akapata mimba kwa shida, na akipata, huweza kuharibika au mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana vita vya mwaka mmoja au miwili vinaweza kuacha pengo la watu linaloonekana hadi kwa wajukuu.

Leo mlango wa kifo umefungwa kwa kiasi kikubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuongezeka nchini kote. Utafiti wa kitaifa wa 2004 na 2005 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulionyesha wameshuka hadi 43. Vifo vya wajawazito na waliojifungua vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016. Ule wa 2022 ulitoa makadirio ya 104.

Visiwani kuna mfano mzuri zaidi. Zanzibar ilipobadili dawa ya malaria mwaka 2003 na kuanza kutumia dawa mseto, ikagawa vyandarua na kupulizia majumba, malaria ilishuka mpaka maambukizi yakawa chini ya asilimia 1. Maelfu ya watoto ambao zamani wangezikwa, leo wako madarasani. Nchi ikiwa na watoto wengi kwa sababu hawafi, hilo ni jambo la kushukuru. Kusini mwa Tanzania Bara bado malaria ni tishio, kwa hiyo, mzazi wa Kipatimu, chandarua chako kitumike kitandani, kisiishie kufunika miche au kuvulia samaki mtoni.

Mlango wa kuzaliwa

Watoto wakiacha kufa, wazazi hawapunguzi kuzaa siku ile ile. Bibi aliyezaa 10 ili wabaki watano huwafundisha binti zake kuzaa 10. Inachukua kizazi kimoja au viwili kuamini kwamba watoto watabaki. Katika kipindi hicho cha katikati, watu huongezeka kwa kasi sana. Ulaya walipita hapo, Asia walipita hapo, nasi tumo humo sasa. Kwa utafiti wa 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8 katika maisha yake.

Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Utafiti wa 2015 na 2016, wastani wa nchi ulipokuwa 5.2, ulikuta kanda ya kusini, yaani Lindi na Mtwara, mwanamke anazaa watoto 3.8. Hicho kilikuwa kiwango cha chini kuliko kanda zote. Zanzibar ilikuwa 5.1, na Pemba ilikuwa juu ya Unguja. Upande wa uzazi wa mpango, zaidi kidogo ya nusu ya wanawake walioolewa wa kanda ya kusini walikuwa wakitumia njia za kisasa. Zanzibar walikuwa 14 kati ya kila 100.

Huenda umeshangaa. Watu wa pwani moja, wanaokula samaki mmoja, na kwa sehemu kubwa wa dini moja, wanatofautiana kiasi hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba “dini yetu” au “mila ya pwani” peke yake ndiyo inayoamua. Waislamu wanajua mafundisho ya kumnyonyesha mtoto miaka miwili kamili. Wakatoliki, ambao misheni yao ipo Kipatimu tangu enzi za ukoloni, wanafundishwa njia za asili za kupanga uzazi. Wote wanakubaliana kwamba mama anahitaji kupumzika.

Sayansi ya tiba inasema hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na angalau miezi sita baada ya mimba kuharibika. Mimba zinazofuatana mno humwacha mama na upungufu wa damu, na huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Hapa sisemi uzae wangapi. Hilo ni lako na mwenzako. Ninachosema ni uzae lini, kwa sababu hilo ni la mwili wako.

Tahadhari moja. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Akina mama wengi wameshtukia wana mimba wakiwa bado wananyonyesha kwa sababu hakuna aliyewaeleza hivi.

Pia tusisahau upande wa pili. Kuzaa wachache si mara zote ni kupanga. Wakati wa ukoloni, sensa na ripoti za pwani na Visiwani zilionyesha wanawake wengi wasio na mtoto kabisa, na maradhi ya zinaa yasiyotibiwa yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hata leo, kisonono na klamidia zikiachwa zinaweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke na kuharibu uwezo wa mwanamume pia. Kama mmekaa mwaka mzima mkikutana bila kinga na hakuna mimba, nendeni hospitali wote wawili. Kumpeleka mke peke yake kwa mganga, na mume akabaki nyumbani akisubiri majibu, ni kutibu nusu ya jambo.

Mlango wa kuhama

Sasa turudi kwenye kitendawili chetu. Lindi ilitokaje asilimia 0.9 hadi 3.2 kwa miaka 10, huku uzazi wake ukiwa wa chini?

Jibu kubwa liko kwenye mlango wa tatu. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya barabara ya kusini ikakamilishwa miaka iliyofuata. Kabla ya hapo, msafiri wa Kilwa alilala njiani akisubiri kivuko, na wakati wa masika njia ilifungwa kabisa. Barabara ikafungua pande zote mbili. Kuanzia 2006 na 2007, wafugaji walioondolewa Usangu, Mbeya, walielekezwa mikoa ya kusini pamoja na mifugo yao, wengine wakaingia Kilwa. Wakaja wakulima waliofuata ufuta na ardhi, na wafanyabiashara waliofuata wakulima.

Wakati huo huo, vijana wa Matumbi na wa mwambao wanaondoka kwenda Dar es Salaam. Sensa ya 2012 iliiweka Lindi miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee. Kwa hiyo katika kata moja unaweza kukuta mambo mawili yanayohitaji huduma mbili tofauti. Upande huu, kijiji cha zamani kina bibi na babu wenye shinikizo la damu na kisukari, wanaolea wajukuu, na anayewatumia fedha kwa simu yuko Mbagala. Upande ule, kitongoji kipya porini kina familia changa za wafugaji zenye watoto wengi, mbali na zahanati, na hakuna aliyewahi kuwapimia uzito.

Visiwani nako mlango huu uko wazi. Karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Wamo waliotoka Pemba, waliotoka mashamba, na waliotoka Bara, Lindi na Mtwara wakiwamo, wakifuata kazi za hoteli, ujenzi na biashara. Mahali pakijaa watu haraka kuliko mabomba na vyoo, kipindupindu hukumbuka njia yake ya zamani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na kisima kisichimbwe karibu na shimo la choo. Kwenye kisiwa, maji yanayoingia ardhini ndiyo hayo hayo unayoyavuta kesho.

Zahanati inamhesabu nani?

Hapa ndipo namba inapogeuka kuwa dawa au kukosa dawa.

Chanjo haipelekwi zahanati kwa kubahatisha. Wilaya hupiga hesabu ya watu wanaohudumiwa na zahanati kwa kutumia sensa iliyopita, ikiongeza kiasi fulani kila mwaka. Chukua mfano wa kufikirika. Zahanati imeandikiwa watu 3,000. Watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida ni kama asilimia 3 hadi 4 ya watu wote, kwa hiyo inategemewa watoto 90 hadi 120, na dozi huagizwa kwa hesabu hiyo. Sasa wamehamia watu 1,500 ambao hesabu haiwajui. Watoto sasa ni 135 hadi 180. Mwezi haujaisha, chanjo zimekwisha. Mama ametembea saa tatu na mtoto mgongoni anaambiwa, “Njoo wiki ijayo.” Wengi hawarudi.

Ajabu ni kwamba kwenye karatasi zahanati hiyo itaonekana imefanya vizuri sana. Itaripoti kwamba imechanja asilimia 110 au 120 ya watoto. Mkubwa akisoma atapongeza, na wakati huo huo porini kuna mtoto ambaye hajachomwa hata sindano moja ya surua.

Kinyume chake pia hutokea. Kijiji ambacho vijana wake wamehama, kimeandikiwa watoto 100 na waliopo ni 60. Muuguzi amewachanja wote 60, hakumwacha hata mmoja, lakini ripoti inasema amefikisha asilimia 60. Anaulizwa kwa nini mzembe.

Ndiyo maana nikasema kabla ya kuisifu au kuilaumu namba, uliza ni mlango upi. Visiwani, ambako watoto ni wengi, dawa ni wodi za wazazi, madarasa, maji safi na elimu ya kupishanisha uzazi. Kilwa, ambako watu wanahama na kuhamia, dawa ni kuwafuata walipo: kliniki za mkoba, daftari la wakazi lililo hai, na vipimo vya shinikizo la damu kwa wazee. Ukichukua mpango wa Visiwani ukaunakili Kilwa kama ulivyo, au wa Kilwa ukaupeleka Pemba, utatumia fedha na watu hawataona nafuu.

Na jambo moja ni gumu zaidi Kilwa kuliko Visiwani: umbali. Unguja, hospitali ikiwa mbali ni mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Kipatimu kuna hospitali ya misheni inayobeba mzigo mkubwa wa tarafa nzima, lakini hospitali ya wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, ng’ambo ya vilima. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata hata barabara kuu ya lami eneo la Somanga. Mahali penye watu 18 kwa kilomita ya mraba hapawezi kujengewa hospitali kila kona. Kwa hiyo mjamzito wa huko lazima aanze safari mapema kuliko mwenzake wa Mjini Unguja.

Wewe ufanye nini?

Sensa ijayo inatarajiwa 2032. Huna haja ya kuisubiri ili uhesabiwe. Haya unaweza kuyafanya kuanzia wiki hii.

Sajili mtoto. Akizaliwa kituo cha afya, usiondoke bila tangazo la kizazi. Tanzania Bara, mtoto anatakiwa asajiliwe ndani ya siku 90, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano cheti cha kwanza hutolewa bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya tiba kwenye mikoa iliyoingia katika mpango huo wa RITA, Lindi ikiwamo. Aliyezaliwa nyumbani naye anasajiliwa. Pitia kwa mtendaji. Zanzibar, nenda ofisi za Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wilayani.

Sajili kifo pia. Hili wengi hatulifanyi. Tunamsitiri marehemu wetu, tunasoma hitima au misa, na habari inaishia makaburini. Lakini kama akina mama watatu wa kijiji kimoja wamekufa kwa kutokwa na damu wakati wa uzazi na hakuna aliyeandika, wilaya itajua vipi kwamba pale panahitajika damu na mtaalamu? Sheria ya Bara inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30.

Ukihama, jitambulishe. Umehamia kijiji kipya na una mjamzito au mtoto mdogo nyumbani? Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii na zahanati wakujue mapema. Beba kadi ya kliniki kama unavyobeba kitambulisho. Wenyeji nao, mkiona moshi wa boma jipya msituni, mtajieni muuguzi. Kugombania malisho na mashamba kuna vikao vyake. Mtoto wa surua hana upande, na ugonjwa wake utafika hadi kwako.

Mjamzito, anza kliniki kabla ya wiki 12, na mhudhurie nane kwa jumla. Unaishi mbali na hospitali? Wiki mbili au tatu kabla ya siku uliyoambiwa, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo, au uliza kama kuna nyumba ya wajawazito kusubiria. Baba, weka akiba ya nauli na tafuteni mapema watu wawili watakaokuwa tayari kutoa damu.

Zijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona mojawapo, usingoje asubuhi. Piga namba 115, ambayo ni ya bure, ya mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mama na mtoto mchanga wakati wa dharura.

Na wewe kijana uliyeshuka na lori la machungwa ukabaki mjini, ukipiga simu nyumbani usiulize tu kama mvua imenyesha. Muulize mama lini alipima presha mara ya mwisho. Mwambie baba achukue dawa zake kila mwezi hata akijisikia mzima. Katika kijiji kilichobaki na wazee, wewe wa mbali ndiye mhudumu wa afya wa kwanza.

Mzee wa Kipatimu anaposema “sisi huku watu wachache”, hajakosea. Lakini palipo na watu wachache, kila mmoja ni hasara kubwa akipotea, na ni rahisi zaidi asionekane alipopotea. Kesho asubuhi, tafuta kadi ya kliniki ya mtoto wako. Kama hana cheti, au kuna chanjo iliyorukwa, safari yako ya kwanza iwe zahanati.